Usuluhishi wa mpaka wa shamba la urithi: baraza la kijiji lianzie wapi?

mjumbe_mpya: Wakuu, shikamooni. Nimeingia baraza la ardhi la kijiji na shauri lililopo mezani ni la kaka na mdogo wake wanaogombania mpaka wa shamba la marehemu baba yao. Wajumbe wenzangu wanataka tuwasikilize siku moja, tuseme nani mwenye haki, basi. Ni sawa? Nijifunze nini kwanza?

Wakili Msaidizi: Si sawa, mkuu. Baraza la kijiji linasuluhisha, halihukumu. Hapa Tanzania hata baraza la kata, tangu marekebisho ya sheria ya 2021, limebaki na usuluhishi tu, na lina siku 30. Likishindwa, wadaawa, yaani wenye shauri, wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkitangaza mshindi, mwingine ataondoka hapo moja kwa moja kwenda kata, na uhasama umeshakomaa.

Jifunze kusikiliza kwanza. Kila mmoja aseme bila kukatizwa, halafu umrudishie maneno yake: "Unasema baba aliwaonyesha mpaka pale kwenye mwembe, sivyo?" Usisogee mpaka akubali kwamba umemwelewa. Wajumbe wengi wanaruka hapa, ndiyo maana mtu anarudia lalamiko lilelile kikao kizima.

Kisha waone mmoja mmoja faragha, kwa muda unaolingana, la sivyo mwenzake atadhani mnapanga njama. Muulize: "Ukipewa mpaka huo, utafanyia nini?" Unaweza kukuta hoja si ardhi, ni njia ya kupitisha ng'ombe kwenda mtoni. Ulichoambiwa faragha usikivushe bila ruhusa yake.

Mama Kata: Naongezea: mjumbe mwenye undugu na upande wowote akae pembeni. Na mpaka hausuluhishwi ofisini. Nendeni shambani pamoja na majirani wanaopakana nao, muanzie alama ambayo wote wawili wanaikubali.

Mkiafikiana, msiandike "kutoka mwembe hadi kichuguu". Mwembe utakatwa, kichuguu kitalimwa. Pimeni kwa futi kamba, andikeni mita, mpande minyaa au mchimbie mawe siku hiyohiyo wakiwa wanaangalia. Karatasi isomwe kwa sauti kabla ya sahihi au dole gumba. Nakala tatu: moja kila upande, moja ofisi ya kijiji.

Mzee wa Mirathi: Mbona hamjauliza la msingi? Msimamizi wa mirathi ameteuliwa? Warithi wako wangapi?

mjumbe_mpya: Hajateuliwa. Wana dada wawili wameolewa mbali, hawajaitwa.

Mzee wa Mirathi: Basi msipime chochote. Kaka wawili hawawezi kugawana mali ya warithi wanne, na dada hao wakija kesho karatasi yenu haina nguvu juu yao. Ukoo ukae, upendekeze msimamizi, aende Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao na cheti cha kifo. Kwa sasa wasuluhisheni kwenye jambo moja tu: nani alime wapi msimu huu, bila kung'oa alama wala kuuza. Hilo liandikeni kuwa ni la muda, na tarehe ya mwisho iwepo.

mjumbe_mpya: Nimeelewa. Dada zao napigia leo.