Mrejesho: harufu ya kiyoyozi cha boti imekwisha

Wakuu, niliwauliza kuhusu kiyoyozi cha boti kinachonuka kama soksi mbichi kila nikikiwasha. Asanteni sana mlioniambia nianzie chini. Sinia linalokinga maji chini ya koili (mabomba yanayopoza hewa) lilijaa utelezi mweusi, mzito kama kamasi, na mpira wake wa kutolea maji unamwaga ngamani, yaani chini kabisa ya boti ambako maji hujikusanya. Kumbe feni ilikuwa ikivuta hewa ya ngama na kuipuliza chumbani! Nimeosha sinia na chujio kwa maji ya uvuguvugu na siki (tafadhali msichanganye siki na klorini, inatoa gesi ya sumu), nikakausha ngama, nikaziba upenyo uliokuwa nyuma ya feni. Leo siku ya nne, hainuki kabisa. Jana tumelala milango imefungwa.