Ulinganisho: inchi 29 yenye springi mbele tu, au inchi 26 yenye springi mbele na nyuma?

BinKisauni
Assalaam aleikum nduzangu. Kila nikienda Kilifi kikazi naipita njia ya magofu ya Jumba la Mtwana bila kuingia, na Rabai ndiyo kabisa, naishia kukiona kibao. Nimeazimia nizizunguke sehemu hizi za kihistoria kwa baiskeli, tena kwa njia za mashambani. Rabai, Ribe, Jumba, na Mungu akijaalia hadi Takaungu. Nimeonyeshwa baiskeli mbili za mtumba. Ya kwanza inchi 29, fremu ya alumini, springi mbele peke yake, breki za mafuta. Ya pili inchi 26, springi mbele na nyuma, breki za waya, na kwa macho hii ndiyo inayovutia. Muuzaji anataka jibu kabla ya Jumamosi. Mngechukua ipi?

FundiWaTudor
Waleikum salaam. Huwezi kujibiwa hivyo, ndugu. Urefu wako? Fremu zenyewe saizi gani? Bei ya kila moja? Unaendesha tangu lini? Ya pili ni alumini au chuma? Mtu wa futi sita na mtu wa futi tano hawapewi jibu moja.

SalmaMtwapa
Na utaenda peke yako au na wenzako? Nauliza kwa sababu ukiharibikiwa ndani kule mashambani ya katani Vipingo, mwendo ni mrefu kabla hujaona binadamu. Kwa njia zetu za huku mimi nasema 29 bila kufikiri mara mbili. Gurudumu kubwa linapita juu ya mawe ya matumbawe na mizizi ya mikorosho ambayo la 26 linaingia katikati na kukwama. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi kidogo, utapita.

MzeeJomvu
Wanangu, mnajisumbua. Sisi tumeshusha nazi kutoka Rabai kwa baiskeli ya Mamba, ile nyeusi isiyo na gia wala springi, na milima ni ile ile. Spea ipo kila kijiji, fundi yeyote chini ya mwembe anaijua. Hiyo ya 29, tyubu ikipasuka Ribe utaipata wapi?

FundiWaTudor
Shikamoo mzee. Kuhusu spea una haki, ila hapo kwenye tyubu nikuongeze. Rimu ya 29 ina kipenyo cha milimita 622, sawa na zile baiskeli za barabarani za 700c. Ya Mamba ni 635. Tairi haziingiliani, lakini tyubu ya Mamba ukiipa upepo kidogo inakaa ndani ya tairi ya 29 na inakufikisha nyumbani. Ya 26 rimu yake ni 559, na tyubu zake kweli zimejaa kila duka. Kwa hiyo tyubu isiwe sababu ya kuikataa 29.

MzeeJomvu
Marahaba. Haya, hilo nimelipokea. Lakini gia na springi bado ni vitu vya kuharibika.

Tsuma_K
Ndugu, kabla hujaichukua hiyo ya springi mbili, soma haya.

Niliuziwa moja na muuzaji wa mtumba hapa mjini, jina lake naliacha. Rangi nyeusi inameta, ukikalia kiti springi ya nyuma inazama na kurudi vizuri kabisa. Nikaenda nayo Mtwapa na kurudi kwa lami, haina neno. Kisha tukapanga safari ya Ribe na wenzangu, twende tukaone makaburi ya wamishenari wa Kimethodisti. Njia ya kule ni udongo mwekundu, mvua imechimba mifereji katikati, mawe yametokeza. Kwenye mwinuko nikaanza kuona tabu. Kila nikikanyaga pedali, nusu ya nguvu inaishia kwenye springi, baiskeli inabonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea, na wenzangu wa springi ya mbele tu wanapotea mbele.

Kwenye mteremko nikasikia mkwaruzo. Nikadhani kijiwe kimeingia kwenye cheni. Mara gurudumu la nyuma likaanza kusugua fremu, nikashuka. Pale mkono wa nyuma unapoungana na fremu, rangi ilikuwa imebanduka ukanda mwembamba, na chini yake alumini imepasuka karibu nusu ya bomba. Ndani ya ufa mlikuwa na puti nyeupe, ile ya kuzibia bodi za magari! Mtu aliuona ufa, akaujaza puti, akapiga msasa, akapaka rangi, akauza. Na mimi nilikuwa nashuka mlima juu yake.

Tukaifunga kwa vipande vya tyubu na kijiti cha mkwaju. Nikaisukuma mpaka barabarani, kijana wa bodaboda akanipakia nayo. Fundi wa kuchomelea alikataa hata kuishika kwa kuwa ni alumini. Muuzaji naye akaniambia nimeivunja mwenyewe kwa uzito wangu.

Nenda na tochi. Pitisha ukucha kwenye kila kiungo. Rangi ikiwa nzito sehemu moja kuliko nyingine, shukuru na uondoke.

SalmaMtwapa
Pole sana kaka Tsuma. Mtu kama huyo anaweza kuua.

FundiWaTudor
Pole ndugu. Kwangu zinaletwa kama hiyo, na si ufa peke yake. Hewa yetu ina chumvi. Baiskeli ya springi mbili ina bushi na bearingi kwenye kila kiungo cha nyuma, na chumvi inaingia humo. Ukiishika kiti ukaitikisa kushoto kulia utasikia *tak tak*. Bushi zake kuzipata ni shida, mara nyingi nachonga.

BinKisauni, ukienda kuziona fanya hivi kwa zote mbili: mwambie muuzaji achomoe nguzo ya kiti. Ikikataa kutoka imeshashikana kwa chumvi, na kuitoa ni kazi ya siku nzima na pengine msumeno. Kwa ile ya breki za mafuta, uliza ni breki gani. Za Shimano hutumia mafuta ya madini, kuna nyingine hutumia ya DOT. Ukiweka yasiyo yake, raba za ndani zinavimba na breki inakwisha. Na kwenye mteremko wa Rabai hiyo breki unaihitaji.

KadzoMazeras
Nimezaliwa huku, acheni niseme kuhusu njia, maana naona mnaongea baiskeli tu. Kutoka Mombasa hadi Mazeras kwa barabara kuu sikushauri. Malori ya bandarini hayana huruma na mwendesha baiskeli. Panda matatu, utingo akufungie baiskeli juu, muelewane bei kabla ya kupakia. Shuka Mazeras, uanzie hapo. Njia ya Kaloleni ni lami, lakini ukiingia ndani kuna vijia vya mashambani chini ya minazi, vigumu wakati wa jua na utelezi mkubwa wakati wa masika. Ule udongo ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu halizunguki. Kwa hiyo angalia nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, hilo sijaona mtu akilitaja.

Ukifika Rabai kuna kanisa la Mtakatifu Paulo la 1887, makumbusho, na nyumba za wamishenari Krapf na Rebmann. Usiende kupiga picha na kuondoka. Kaa, uliza, wazee wa pale wanajua habari za watumwa walioachwa huru wakaletwa kuishi Rabai.

Mwinyi_Mji_wa_Kale
Hapo Rabai ndipo Krapf alipotoka akauona Kilimanjaro.

KadzoMazeras
Hapana, huyo ni Rebmann, tarehe 11 Mei 1848. Krapf ndiye aliyeuona Mlima Kenya, mwaka uliofuata, akiwa Ukambani.

Mwinyi_Mji_wa_Kale
Ahsante dada. Lakini Krapf ndiye aliyetangulia kufika Mombasa, 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Kaburi lipo upande wa Nyali. Mimi ningeanzia safari hapo, kisha kwenye kengele ya Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru, pale Kengeleni, halafu ndio Rabai. Hiyo ndiyo historia kwa mpangilio wake.

SalmaMtwapa
Hiyo ni historia ya wamishenari, ndugu yangu. Pwani ilikuwa na miji karne nyingi kabla yao. Jumba la Mtwana ni la karne ya 14, misikiti yake bado imesimama kuta, mmoja uko pale pale ufukweni. Takaungu ndiko walikohamia Wamazrui, waliokuwa wakiitawala Mombasa, baada ya Sultani Seyyid Said kuichukua 1837. BinKisauni, anza kaskazini. Njia ni tambarare, hata kama ni mgeni wa baiskeli hutaumia.

KadzoMazeras
Na si miji tu, kuna na kaya zetu, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Mkipita Rabai au Ribe, msiingize baiskeli kayani. Msitu wa kaya si njia ya michezo. Mnaanza kwa wazee, wakiwaruhusu mnaingia kwa miguu na kiongozi. Kule Kaya Kinondo, Diani, wageni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia. UNESCO walizitambua kaya 2008 lakini heshima yake haikuanza hapo. Nimewaona vijana na kofia zao za plastiki wakirukia mizizi ya mti ambao babu yangu hawezi hata kuuvunja tawi. Iliniuma sana.

Tsuma_K
Umesema kweli dada. Sisi baiskeli tuliziacha kwa mama muuza mahamri tukaingia kwa miguu.

BinKisauni
Ahsanteni nyote. Mimi ni futi tano na inchi sita. Bajeti shilingi 25,000. Ile ya 29 anataka 24,000, ya 26 anataka 19,000. Nitakuwa na shemeji yangu, yeye ana baiskeli tayari. Kusema kweli moyo bado uko kwenye ile ya springi mbili, kwa sababu mgongo wangu si mzuri. Springi ya nyuma haitanisaidia?

FundiWaTudor
Fremu saizi gani? Kuna namba kwenye bomba la kiti, 15, 17, 19. Bila hiyo bado tunabahatisha. Kwa futi tano na sita, 29 ya saizi 19 itakutesa mgongo kuliko isiyo na springi kabisa.

SalmaMtwapa
Mgongo unasaidiwa na tairi pana na upepo wa wastani, na kusimama juu ya pedali kwenye mawe.

Tsuma_K
Mimi siwezi kukushauri springi mbili kwa 19,000. Kwa bei hiyo kuna kitu kimefichwa.

MzeeJomvu
Kuna jamaa hapa Jomvu anauza Mamba, imetunzwa. Kiti chake kina springi, mwanangu, chini ya makalio ndipo mgongo unapoanzia.

Mwinyi_Mji_wa_Kale
Takaungu mnaenda mwezi gani? Kukivuma kusi, kwenda kaskazini upepo unakusukuma, kurudi unakutia kifuani mchana kutwa. Msimu huo bora kwenda kwa baiskeli na kurudi kwa matatu.

SalmaMtwapa
Sikubali. Ukiingia ndani ya Vipingo, njia za katikati ya katani zina kinga ya kutosha. Ila ombeni ruhusa, lile ni shamba la watu, na ncha za katani zinatoboa tairi na mguu pia.

LikoniKwetu
Samahani kuingilia. Je, kuna aliyeenda Kwale na Shimba Hills kwa kupitia barabara ya Dongo Kundu? Ferry ya Likoni na baiskeli asubuhi siwezi, msongamano ule unaponda spoki.

KadzoMazeras
Dongo Kundu inapitika, ila beba maji, kivuli hakuna. Na usiingie hifadhini kabla hujauliza langoni kwa KWS, wale wa shirika la wanyamapori, mle mna ndovu. Vijiji vya pembeni vya Kwale vinatosha kwa siku nzima. Mtakuwa kikundi cha watu wangapi?