Mjadala: Tunaponunua hisa mpya, tunanunua kampuni au faida ya jirani?

Ndugu zangu, kuna wanaosema maombi ya hisa mpya, yaani hisa ambazo kampuni inauziwa umma kwa mara ya kwanza, yakifika mara tano ya hisa zilizopo, hiyo ni ishara kwamba kampuni ni imara. Napinga, na mfano wangu ni kampuni ya simu ya Safaricom mwaka 2008, ambayo maombi yake yalifika takriban mara tano.

Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Ukimuuliza aliye kwenye foleni kwa nini ananunua, hakutajii mapato wala gawio, anakutajia KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya. Mwaka 2006 hisa za KenGen zilitolewa kwa shilingi 11.90, na siku ya kwanza sokoni bei ikazidi mara mbili. Hiyo ndiyo iliyojaza foleni.

Kilichoongezea moto ni mikopo. Mama yangu mdogo aliomba hisa 20,000, shilingi laki moja. Elfu themanini alikopeshwa na benki, fomu ikajaziwa hapohapo kaunta. Wala hakuhitaji hisa zote hizo. Aliambiwa aombe nyingi kwa sababu watagawiwa kidogo, na kila mtu aliambiwa hivyohivyo. Basi ile "mara tano" ilipima nini? Mwananchi wa kawaida alipata takriban asilimia 21 ya alichoomba. Mama mdogo akapata hisa elfu nne na kitu, huku riba ikihesabiwa kwa mkopo mzima mpaka fedha zilizobaki ziliporudishwa.

Jina kubwa pekee halitoshi. Vodacom Tanzania ilipouza hisa 2017 kwa shilingi 850 za Tanzania, ilikuwa kampuni ya simu yenye M-Pesa vilevile, lakini wanunuzi wa ndani hawakutosha. Muda ukaongezwa, wageni wakaruhusiwa. Kwa maoni yangu, hapakuwa na jirani aliyetajirika jana.

Na Safaricom haikuwa kampuni mbaya hata kidogo. Mwaka 2021 hisa moja ilipita shilingi 40. Lakini mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya 3, na hapo ndipo mama mdogo alipouza zote, kwa sababu benki ilikuwa inapiga simu kudai deni lake.

Najua nitaambiwa bila mkopo hisa zitabaki za matajiri. Kima cha chini cha kuomba kilikuwa shilingi 10,000, na hizo mama mdogo alikuwa nazo. Mimi nasema mikopo ya kununulia hisa mpya ipigwe marufuku. Anayepinga anijibu: angeuza siku ile kama fedha zote zingekuwa zake?