Nimehamia kompyuta mpya, hisa 500 za mama watoto hazionekani

Mstaafu wa Ipagala

Mbukwenyi wakuu. Naandika kutoka Dodoma. Nimefundisha hesabu sekondari miaka 31, nikastaafu salama, na sasa hesabu ya nyumbani kwangu imenishinda.

Tangu 2014 natunza kumbukumbu za uwekezaji wetu kwenye GnuCash, ile programu ya bure ya uhasibu. Si mali ya kutisha: hisa za benki za CRDB na NMB, vipande vya UTT AMIS (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) kwenye Mfuko wa Umoja na wa Ukwasi, na hatifungani moja ya Serikali ya miaka 20, milioni 5 kwa riba ya asilimia 15.49. Kila mwisho wa mwezi nachapa karatasi moja, natoboa, naiweka kwenye faili. Mazoea ya ualimu hayo.

Kompyuta ya zamani ilikuwa ya Windows 7. Herufi M imeng'oka, kioo kimeshikwa na soltepu upande mmoja, feni linaunguruma kama mashine ya kusaga. Vumbi letu mnalijua. Mwanzoni mwa Oktoba ikaanza kujizima yenyewe, na mara ya mwisho ilijizima nikiwa katikati ya kazi, programu iko wazi. Nikasema basi. Nikanunua nyingine, mtumba lakini safi, ina Windows 11. Fundi alinikataza kuchukua ya Windows 10 kwa sababu matengenezo yake yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kuhamisha nilimwachia mtoto wa dada yangu, anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kule ilikuwa GnuCash toleo la 2.6, huku ni toleo la 5. Mara ya kwanza alinakili ile alama iliyokuwa juu ya skrini. Kufika kwenye mpya, inabofywa, inasema faili halipo. Kumbe alikuwa amebeba njia ya mkato tu, kitabu chenyewe kimebaki kule. Akarudi na flashi, akabeba folda nzima. Safari hii likafunguka, tukanywa chai.

Sasa sikilizeni. Karatasi yangu ya tarehe 30 Septemba inasema CRDB hisa 4,200. Skrini inasema 3,700. Hizo 500 zimenunuliwa tarehe 9 Septemba kwa pesa ya zabibu za mama watoto, za shamba la Hombolo, mavuno ya Agosti. Za kwake kabisa. Kila jioni anaweka sahani mezani na swali lilelile: "Baba, zimeonekana?"

La pili. Riba ya hatifungani huingia tarehe 5 Mei na 5 Novemba, shilingi 387,250 kila mara. Ya juzi niliiingiza mwenyewe kwenye kompyuta mpya. Nikichapa ripoti ya mwaka kwa miezi, Mei inaonyesha 774,500 na Novemba sifuri. Nimefuta, nimeandika upya, yaleyale.

La tatu, ripoti yangu niliyoitengeneza na kuihifadhi kwa jina la "Karatasi ya Mwezi" haipo kabisa kwenye orodha.

Je, programu mpya imeharibu kitabu? Nirudi kwenye Windows 7 na soltepu yangu?

Kijana wa Area C

Mzee shikamoo. Pole. Ndiyo maana mimi natumia jedwali la kawaida, safu ya tarehe, safu ya hisa, safu ya bei. Faili moja, halina mambo mengi.

Mstaafu wa Ipagala

Marahaba. Na jedwali lako likikosea fomula safu ya kumi, nani atakwambia? Huku kila shilingi inayotoka mahali lazima ionekane ilikoingia. Sihami.

Fundi Sabasaba

Shikamoo Mwalimu. Programu haijaharibu kitu, na kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani hisa za mama ziko salama ndani ya folda hiyohiyo. Kabla sijasema zaidi naomba unijibu mawili.

Moja: fungua programu uangalie juu ya dirisha lake, faili ulilofungua linaitwaje, jina lote mpaka mwisho?

Pili: nenda kwenye akaunti ya riba ya hatifungani, utafute riba ya Novemba mwaka jana, 2024. Usiangalie kiasi. Niandikie tarehe yake inavyosomeka, tarakimu kwa tarakimu.

Na tafadhali usiandike kitu chochote kipya humo mpaka tumalize. Ile kompyuta ya zamani usiiguse kabisa, usimpe mtu, usiifute.

Mstaafu wa Ipagala

Faili: nyumbani.gnucash.20250902191407.gnucash

Riba ya mwaka jana: 11/05/2024. Halafu ya Mei mwaka huu 05/05/2025. Halafu ya juzi 05/11/2025.

Ngoja. 11/05? Mimi sijawahi kupokea riba tarehe 11 Mei.

Fundi Sabasaba

Umeshaikamata mwenyewe, Mwalimu. Hujapokea. Hiyo ni 5 Novemba, imeandikwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Kompyuta za mtumba nyingi hufika zimepangwa hivyo, na GnuCash usipoiambia vingine hufuata mpangilio wa Windows. Tarehe zako za zamani hazijaguswa, ndani ya faili zimehifadhiwa kwa mwaka, mwezi na siku, kilichobadilika ni sura inayoonekana. Ila ulipoandika 05/11 ukimaanisha 5 Novemba, mashine mpya ikasoma 11 Mei. Ukifuta ukaandika tena vilevile, itasoma tena vilevile. Kilichokuficha ni ile ya Mei: 05/05 inasomeka sawa huku na huku, kwa hiyo jicho lilipita.

Dawa: menyu ya Edit, kisha Preferences, kisha Date/Time, chagua mtindo wa Uingereza. Mimi binafsi huwawekea watu ule wa mwaka kwanza, 2025-11-05, hauna mjadala. Fanya hivyo kabla ya yote.

Sasa jina la faili. Lisome kama mwalimu wa hesabu: 2025, 09, 02, 19, 14, 07. Ni tarehe 2 Septemba 2025, saa moja na dakika 14 usiku. GnuCash kila ukihifadhi hulichukua faili lililokuwapo, hulibandika tarehe na saa, huliweka pembeni kama akiba, ndipo huandika jipya kwa jina lile fupi. Kwa kawaida hutunza akiba za siku 30 na kufuta za nyuma zaidi. Ulihifadhi mara ya mwisho 30 Septemba, kwa hiyo akiba kongwe iliyobaki ni hiyo ya tarehe 2. Mpwa wako amefungua kitabu cha wiki moja kabla mama hajanunua hisa. Hazijapotea, zilikuwa hazijanunuliwa bado.

Kwa nini alichagua hilo? Naotea: Windows huficha mwisho wa jina, kwa hiyo faili halisi lilionekana "nyumbani" tu, jina lilelile la ile njia ya mkato iliyomwaibisha mara ya kwanza. Akaliruka, akabofya lililofuata.

Kwa hiyo funga programu. Kwenye dirisha la folda ingia View, washa majina kamili ya mafaili. Tafuta nyumbani.gnucash, bila tarakimu. Nakili folda nzima kwenye flashi nyingine kwanza, kisha ulifungue hilo.

Mstaafu wa Ipagala

Mpwa nimemwita, ameinamisha kichwa. Ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno.

Nimebadilisha tarehe. Nimeliona faili. Lakini nikilifungua linatoa onyo kwamba haliwezi kufungwa kwa ufunguo, huenda mtu mwingine analitumia. Mtu gani? Tuko wawili hapa na mbwa.

Fundi Sabasaba

Huyo mtu ni wewe wa Oktoba. Ukifungua kitabu, programu huweka kando yake kifaili kidogo kinachoishia na LCK, kama komeo, ili watu wawili wasiandike kwa wakati mmoja. Ukifunga vizuri hukiondoa. Ile siku mashine ilijizima ghafla, komeo likabaki, na mpwa alipobeba folda akalibeba nalo. Kwa kuwa kitabu hakijafunguliwa kwingine, chagua kufungua hivyohivyo, Open Anyway.

Mama Zabibu, Kondoa

Samahani kuingilia, mimi si fundi, ila nilipitia haya mwaka jana nilipohama. Mwalimu, kitabu kikifunguka usikimbilie kuangalia jumla ya shilingi. Shilingi zinadanganya, kwa sababu programu inazidisha idadi kwa bei ya mwisho uliyoiingiza, na bei ya zamani itakupa jumla ya zamani hata kama hisa zote zipo. Hesabu idadi. Hisa ngapi, vipande vingapi mpaka zile desimali.

Na usilinganishe na karatasi yako peke yake, maana nayo umeichapa kutoka hukohuko. Hisa zako halisi ziko kwenye akaunti yako ya CDS, ile hifadhi kuu ya hisa kwenye soko, na vipande viko kwenye rejista ya UTT AMIS. Omba taarifa kwa dalali wako wa hisa, na ile ya vipande, weka mezani, pita mstari kwa mstari. Kompyuta hata ikiungua leo, hisa za mama haziungui. Kinachoungua ni kumbukumbu ya ulinunua lini na kwa kiasi gani.

Mimi niligundua tofauti ya vipande 3 na kitu ambayo haikuhusu kuhama kabisa. Nilikosea kuandika miaka miwili nyuma, nikanakili kosa langu kwa uaminifu mkubwa mpaka kwenye kompyuta mpya.

Mstaafu wa Ipagala

4,200.

Nimemwita mama watoto aje aone kwa macho yake. Amevaa miwani, ameangalia, amesema "nilijua tu," kisha akarudi jikoni. Sijui alijua nini.

Ushauri wa Kondoa nimeupokea kama agizo la mkuu wa shule. Taarifa ya vipande ninayo ya Septemba, Umoja inalingana mpaka desimali ya mwisho. Ukwasi pia. Ya CDS nimemwomba dalali leo.

Swali limebaki moja, na ile ripoti. Yale niliyoingiza mwezi huu kwenye faili la akiba, kuna namna ya kuyahamisha? Nimenunua vipande tarehe 7 na nikabadilisha bei tarehe 10, pamoja na riba ya tarehe 5.

Fundi Sabasaba

Mambo matatu, Mwalimu? Andika upya kwa mkono. Najua utatamani kuunganisha mafaili, ila hayo matatu yana tarehe zilizogeuka, utakuwa unahamisha makosa. Riba ya tarehe 5 imeingia 11 Mei, vipande vya tarehe 7 vimeingia 11 Julai, bei ya tarehe 10 imekuwa ya 11 Oktoba. Kwenye kitabu halisi hayapo, kwa hiyo ni kuanza safi. Lile faili la akiba ulilochafua liweke kwenye folda yake peke yake, lipe jina "usifungue".

Ripoti: hazikai ndani ya kitabu, ndiyo maana hazikuja. Toleo lako la zamani, 2.6, lilikuwa likizitunza kwenye folda inayoanza na nukta, .gnucash, ndani ya folda ya jina lako kwenye diski. Toleo la 5 linatunza mahali pengine, AppData, kisha Roaming, kisha GnuCash. Unaweza kuzifukua, lakini matoleo yameachana miaka mingi na siwezi kukuahidi kwamba zitakubali. Karatasi unayo mbele yako. Itengeneze upya kwa kuitazama, dakika kumi, uihifadhi kwa jina lilelile.

Kingine: ukishahifadhi kitabu kwa toleo la 5, usijaribu tena kukifungua kwa lile la 2.6. Kama unataka ya zamani ibaki kama kumbukumbu, ibaki na nakala yake.

Kijana wa Area C

Fundi, hilo la akiba kukaa siku 30, linabadilishwa? Nauliza tu.

Fundi Sabasaba

Karibu kwa wenye mambo mengi. Preferences, sehemu ya General, kuna siku za kutunza. Mwalimu naye aongeze, aweke hata 90, mafaili yenyewe ni madogo. Ila akiba iliyo kwenye diski moja na kitabu itakufa na kitabu. Flashi iwepo, na isikae kwenye mkoba mmoja na kompyuta.

Mstaafu wa Ipagala

Nimeandika upya yote matatu. Nimechapa ripoti ya miezi: Mei 387,250, Novemba 387,250. "Karatasi ya Mwezi" imenichukua dakika 40, si kumi, Fundi, lakini imetoka na nimeitoboa.

Dalali amejibu jioni hii. CRDB 4,200. Ila NMB yeye anasema 610 na mimi nina 600. Nimekaa nayo tangu saa kumi na mbili. Mama watoto kanipitia nikiwa nimepanga karatasi za 2019 sakafuni, akauliza kulikoni. Nikamwambia safari hii zimezidi. Akasema hizo basi ni za kwake pia.