Tupeane uzoefu: Kusoma sekondari kwa elimu masafa ya serikali, ulipata masomo gani na ulikosa yapi?

Wadau wa elimu, nawasalimu.

Nimefungua mada hii kwa sababu kila tunapozungumzia elimu masafa hapa Tanzania, mazungumzo huishia Chuo Kikuu Huria, kana kwamba watu wanaosomea nyumbani wote wameshapata cheti cha kidato cha sita. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1975, imefundisha sekondari kwa njia hii tangu enzi za masomo ya posta. Hatua ya kwanza hubeba kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mmoja, na mwanafunzi huimaliza kwa Mtihani wa Maarifa, ambao wengi tunauita QT. Hatua ya pili hubeba kidato cha tatu na cha nne, kisha mwanafunzi hufanya mtihani wa taifa akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

Mimi ni mwezeshaji wa Kiswahili na Historia katika kituo kimoja mkoani Ruvuma. Wanafunzi wangu hufika jioni wakitoka sokoni, gereji na mashambani. Mmoja wao, mama anayeuza mboga, ameijalidi moduli yake ya Historia kwa karatasi ya mfuko wa saruji, na pembeni mwa kila ukurasa ameandika kwa penseli maswali ya kuniuliza, kwa kuwa wiki nzima huisoma peke yake genge likiwa halina wateja. Watu wa namna hii hawana tatizo la bidii. Kinachonisumbua ni kwamba karibu wote huishia kwenye masomo ya sanaa, kwa sababu hayo ndiyo yanayopata wawezeshaji, na baadaye wanagundua kwamba vyuo walivyovitamani vinadai Fizikia na Kemia. Basi naomba kila mchangiaji atueleze alisoma wapi, alipata masomo gani, na nani alimsaidia alipokwama.

Mchangiaji kutoka Urambo

Mleta mada, ahsante. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili baada ya kupata ujauzito, wakati ambapo msichana wa hali yangu hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Ruhusa ilipotangazwa tarehe 24 Novemba 2021, mwanangu alikuwa ameshaanza kutembea, nami sikuwa tayari kuvaa sare na kukaa darasani na wadogo zangu. Nilijiunga na njia mbadala chini ya SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, katika kituo kilichopo kwenye majengo ya sekondari, na tuliruhusiwa kuja na watoto.

Nilisoma Kiswahili, Kiingereza, Uraia, Historia, Jiografia, Hisabati na Biolojia. Tatizo ni kwamba ninataka kusomea uuguzi, na uuguzi unahitaji ufaulu wa Biolojia, Kemia na Fizikia. Biolojia niliifaulu. Kemia na Fizikia hazikuwa na mwezeshaji, na nilipouliza niliambiwa nichague masomo "yanayofaulika". Sijui ni nani aliyewapangia watu wazima masomo ya kufaulika na yasiyofaulika, lakini ushauri huo nimeusikia kwa zaidi ya mtu mmoja. Sasa ninatafuta namna ya kuyafanya hayo mawili peke yake, na kikwazo changu kikubwa ni mtihani wa vitendo.

Mwalimu mstaafu, Kilimanjaro

Nilisahihisha majaribio ya wanafunzi wa posta kwa miaka kadhaa. Mwanafunzi alitumiwa kitabu cha somo, akajibu maswali ya mwisho wa sura na kuyatuma, nasi tukasahihisha na kuyarudisha pamoja na maelezo. Majibu yangeweza kuchukua wiki nyingi barabarani, na aliyeko kijijini angepokea masahihisho ya sura ya kwanza akiwa ameshaifikia sura ya nne. Hata hivyo, waliokuwa na kikundi cha kusoma pamoja kijijini, wakasaidiwa na mwalimu wa shule ya msingi au karani wa ushirika, walimaliza kwa wingi kuliko waliosoma peke yao. Simu janja zimeondoa ucheleweshaji wa barua, lakini kazi ya yule karani bado inahitaji mtu.

Mlinzi wa mgodini, Geita

Mwalimu, shikamoo. Nakuunga mkono. Mimi nafanya kazi kwa zamu, wiki moja usiku na nyingine mchana, kwa hiyo nilihudhuria kituoni nusu tu ya vipindi. Vitabu nilivisoma kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo haina malipo, isipokuwa kifurushi cha intaneti ni juu yako. Historia na Uraia nilizimudu kwa kusoma tu. Hisabati ilinishinda mpaka nilipopata kijana wa kidato cha sita aliyekuwa akinifafanulia maswali kwa sauti za WhatsApp, huku nikimlipia vocha. Nilipata D, na kwangu D ile ina uzito kuliko B yangu ya Kiswahili.

Mzazi, Nairobi

Hamjambo majirani. Sisi tuliingizwa katika elimu masafa bila hiari. Shule zilipofungwa Machi 2020, binti yangu alikuwa kidato cha pili, na kidato chake hakikurejea hadi Januari 2021. Vipindi vilirushwa na KBC redioni na kwenye runinga kwa mpango wa Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala. Kiswahili na Historia vilisikika vizuri. Somo la Kemia redioni lilikuwa kichekesho: mtangazaji aliwaambia wanafunzi watazame jinsi rangi inavyobadilika. Nilichojifunza ni kwamba redio humfaa anayerudia somo alilokwisha kufundishwa, na humwacha solemba anayelianza.

Mzazi wa Kikongo, Twin Falls, Idaho

Ndugu zangu, huku Marekani nimeuona utaratibu tofauti kidogo. Mwanangu anasoma sekondari ya kawaida, lakini somo moja la sayansi aliloliomba liligongana na ratiba yake ya Kiingereza cha wageni. Shule ilimsajili katika Idaho Digital Learning, chombo cha jimbo kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 2002. Mwalimu wa somo hilo yuko mji mwingine; mwanangu anasoma kwa kompyuta katika kipindi kimoja cha siku, akiwa shuleni kwake, na shule yake ndiyo inayompa alama za kuhesabiwa kuhitimu. Kuna mtumishi wa shule ambaye kazi yake ni kuwafuatilia wanafunzi hao. Mwanangu alipoacha kutuma kazi, nilipigiwa simu na mtumishi huyo, kwa kuwa yule mwalimu wa mbali hata sura ya mtoto hajawahi kuiona ana kwa ana.

Mleta mada

Mchango wa Idaho umenigusa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu sisi tumezoea kuifikiria elimu masafa kuwa ni ya waliotoka nje ya mfumo. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, lakini kwenye shule nyingi za kata mwanafunzi aliyeko darasani kila siku anaweza kumaliza muhula bila kumwona mwalimu wa Fizikia. Huyo naye yuko mbali na somo, ingawa anaishi mita mia kutoka shuleni. Mwalimu mmoja mahiri akiwafundisha kwa mtandao wanafunzi wa shule kadhaa, kila shule ikiwa na mtu wa kusimamia darasa, faida yake naiona. Bila msimamizi huyo, tutakuwa tumenunua runinga tu.

Turudi kwa dada wa Urambo. Nani amewahi kufanya vitendo vya sayansi akiwa mtahiniwa wa kujitegemea?

Fundi sanifu wa maabara, Tabora

Dada, usijisajili popote kabla hujauliza swali moja: je, kituo hicho cha mtihani kina maabara na kinapokea watahiniwa wa kujitegemea wa sayansi? Vingine vitakupokea kwa masomo ya sanaa pekee. Uliza mwanzoni mwa mwaka, usajili ukiwa haujaingia kwenye faini. Pili, nenda kwa mkuu wa shule ukiwa na barua ya kituo chako cha zamani, uombe kuingia maabara siku za Jumamosi. Shuleni kwetu tunawaruhusu watahiniwa wa nje wakichangia kemikali, na huanza na titresheni, yaani kudondosha kimiminika kimoja ndani ya kingine ili kupima kiasi, kwa kuwa mkono ndio unaochelewa kuizoea: kufungua bureti, ile neli ya kioo yenye koki, tone kwa tone na kusimama rangi inapogeuka. Kwa upande wa Fizikia, anza na pendulamu na lenzi, vifaa vyake ni rahisi kupatikana. Mkiwa watatu au wanne mje pamoja, mkuu wa shule hukubali kikundi upesi zaidi kuliko mtu mmoja.