Siklidi wadogo wa Ziwa Tanganyika hawatagi: kasoro ni maji au makazi?

Mfugaji Mgeni:
Ndugu wafugaji, nawasalimu. Nina tangi la kioo la lita 80 lenye samaki sita wadogo wa jamii ya siklidi wa Ziwa Tanganyika, aina ya Neolamprologus multifasciatus, ambao nimewalea kwa miezi minane bila kuona kifaranga hata mmoja. Wanakula vizuri na hawaonyeshi dalili za ugonjwa. Maji yana joto la nyuzi 26 na pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) 7.2, chini nimetandaza changarawe na kuweka makombe manne ya konokono, na humo humo wanaishi kambare wawili wadogo wa mapambo. Rafiki yangu amenishauri niongeze magadi ili maji yafanane na ya ziwani. Je, ushauri huo unafaa?

Mzee wa Tangi:
Magadi usiyatie, ndugu yangu. Yatapandisha pH kwa ghafla, na mengi ya huku kwetu yana floridi ambayo huwezi kuipima nyumbani. Ni kweli kwamba maji ya Tanganyika ni magumu na pH yake hukaribia 9, lakini kupanda kwa pH peke yake hakuyafanyi maji kuwa magumu, kwa sababu ugumu unatokana na madini ya kalisi (kalsiamu) na magnesi (magnesiamu). Mimi huweka mfuko wa mchanga wa matumbawe ndani ya chujio, ukayeyuka polepole, kisha huongeza soda ya kuokea na chumvi ya Epsom (chumvi ya magnesi) kidogo kidogo katika maji mapya ninapobadilisha sehemu ya tano ya maji kila wiki. Kabla ya hayo yote pima amonia, ile taka inayotokana na samaki na mabaki ya chakula, kwani ile isiyo na madhara makubwa katika pH 7 hugeuka kuwa sumu kali pH inapopanda.

Mama Makombe:
Shikamoo, Mzee. Uliyosema kuhusu maji ni sahihi, ila ningekuwa mimi ningeanza na sakafu ya tangi. Samaki hawa, ambao dume wao hafiki hata sentimeta 5, hutaga ndani ya kombe tupu la konokono, na kule ziwani hufukua mchanga mpaka makombe yaliyozama yafunguke. Kwenye changarawe watafukua nini? Itoe yote, weka mchanga laini wenye kina cha sentimeta 5 au zaidi, halafu tandaza makombe yasiyopungua 20 yakiwa yamekaribiana, maana wanaishi kama kijiji na kila mmoja anataka kuwa na chumba chake. Makombe ya konokono wadogo wa shambani yanafaa, mradi uyachemshe na kuyasafisha hadi harufu iishe, na mlango wake umtoshe samaki kuingia mzima. Siku ya kwanza utadhani wamechanganyikiwa, kumbe wanapanga nyumba.

Kambare nao wahamishe. Hutafuta chakula usiku, na kifaranga anayechungulia mlangoni hana kinga.

Mfugaji Mgeni:
Asanteni sana. Nitaanza na mchanga kama alivyoeleza Mama. Lakini ikiwa jike hutagia ndani, nitajuaje kuwa ametaga? Niyainue makombe na kuyaangalia?

Mama Makombe:
Usiyainue wala kuyatikisa, hata kama hamu imekuzidi. Utamwona jike haondoki kwenye kombe moja, anapepea mkia mlangoni na kumfukuza hata dume aliye mkubwa kuliko yeye. Mayai ni machache, na vifaranga hukaa ndani wiki moja hadi mbili hivi kabla ya kujitokeza, wakiwa wadogo kiasi kwamba utawadhania vumbi juu ya mchanga. Huenda hata wako walishaanguliwa wakaliwa na wale kambare.

Mzee wa Tangi:
Marahaba, Mama. Naongeza jambo la chakula: kwa wiki kadhaa kabla ya kutaga wape viroboto wa maji au Artemia (vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi) walio hai, mara mbili kwa siku na kwa kiasi kidogo. Artemia walioanguliwa siku hiyo hiyo ndio watakaowafaa vifaranga baadaye, kwa hiyo jifunze kuwaangua mapema. Chujio lako kama linavuta kwa nguvu, lifunike mdomo kwa sifongo. Vifaranga huna haja ya kuwatenga. Wakubwa wa aina hii huwavumilia wadogo wao, na kizazi cha kwanza huendelea kuishi kijijini hata mama anapotaga tena.