Beetle 1300 ya umeme: mota ya Leaf, HyPer 9 au mota ya foklifti? (ulinganisho)

Waya_Mwekundu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Tulinganishe njia tatu za kung'oa injini ya VW Beetle na kuweka mota ya umeme, kazi ikifanyika nyumbani: jeki mbili, mashine ya kuchomelea, fundi kereza wa mtaani na soketi ya kawaida ya ukutani. Gari la mfano ni 1300 ya 1969, volti 12, gia nne, uzito kama kilo 820. Kazi yake ni mjini, kilomita 60 hadi 80 kwa siku, barabara kuu mara chache kwa mwendo wa 80.

Njia A: Nissan Leaf (gari la umeme) ya ajali, ya 2013 kuja mbele. Unachukua mota, inveta (inayogeuza umeme wa DC wa betri kuwa AC ya mota), chaja na betri kwa mpigo mmoja.
Njia B: mota ya HyPer 9 (mota ya AC inayouzwa kwa ajili ya kubadilisha magari) na kontrola yake, yaani kifaa kinachoongoza umeme unaokwenda kwenye mota; betri unajitafutia.
Njia C: mota ya DC ya foklifti na kontrola ya Curtis ya mtumba.

Matumizi nimeyakadiria Wh 150 kwa kilomita. Kilomita 80 ni kWh 12, na ukiacha akiba ya asilimia 20 unataka betri yenye kWh 15 za kweli. Mimi naelekea A kwa sababu ya bei. Nipingeni.

Kereza_Gerezani

Mkuu, kabla ya kuchagua mota ongea habari ya adapta (sahani na habu zinazounganisha mota na klachi na giaboksi ya zamani), maana njia zote tatu zinapita hapo na hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika.

Kabla hujafungua flaiwili kwenye injini ya zamani, laza rula nene ya chuma juu ya uso wa injini unaokutana na giaboksi, kisha pima kwa veniya kina cha kufikia uso wa flaiwili unaoguswa na sahani ya klachi. Pima sehemu nne na uandike hadi sehemu ya kumi ya milimita. Krenki ina mchezo wa 0.07 hadi 0.13 mm, kwa hiyo isukumie flaiwili upande uleule kila unapopima. Adapta yako lazima ikirudishe kipimo hicho. Ukikosea milimita mbili, klachi ama haiachii ama inateleza, nawe utashinda unahangaika na kebo.

La pili: shafti ya giaboksi ya Beetle haijishikilii yenyewe upande wa injini. Ncha yake inakaa kwenye beringi ndogo ya sindano iliyo ndani ya ile nati kubwa ya flaiwili. Wengi wakichonga habu mpya wanaisahau beringi. Gari litatembea vizuri tu mwanzoni, kisha shafti inaanza kucheza, meno yanalika, sili inavujisha oili ya giaboksi juu ya klachi. Chonga habu inayopokea nati ya asili ya spana ya 36, na ukaze kwa Nm 343 kama VW walivyoagiza. Kwa mkono huifikishi. Tafuta bomba refu na mtu wa kuzuia flaiwili.

Sahani ya adapta iwe alumini ya mm 15 au zaidi. Ukimaliza, funga dayo geji (saa ya kupimia mchezo) na uzungushe flaiwili kwa mkono: ikicheza zaidi ya 0.05 mm, rudi kwenye mashine. Usijidanganye kwamba itajinyoosha.

CAN_na_Dereva

Naiunga mkono A, ila kwa kujua unachoingia.

Inveta ya Leaf haisomi pedeli. Inasubiri ujumbe wa CAN (mtandao wa data ndani ya gari) kila wakati, na isipoupata inakaa kimya hata kama volti 360 zimefika mlangoni. Kwa hiyo unahitaji kompyuta ndogo ya kuiongoza. ZombieVerter ndiyo inayotumika sana, iko wazi na ina mipangilio ya Leaf tayari. Pedeli tumia ya Leaf yenyewe, ina vihisi viwili vinavyokaguana.

Unapokagua Leaf, chomeka OBD ya bluetooth (kisomaji cha kompyuta ya gari), fungua LeafSpy kwenye simu, angalia SOH (afya ya betri kwa asilimia) na tofauti ya volti kati ya seli. Betri ikiwa imepumzika, tofauti ikizidi milivolti 30 uliza maswali. Betri ya kWh 24 ikiwa mpya inatoa kama 21 za kutumika. Kwa SOH ya asilimia 75 unabaki na 16. Kwa hesabu yako ni kilomita 100 na ushei, inatosha. Betri hii haina mfumo wa kupoza kwa maji, kwa hiyo Leaf iliyoishi Mombasa au Dar itakuwa imechoka kuliko ya Nairobi yenye umri uleule.

Moduli ziko 48, kila moja kilo 3.8, zote pamoja kilo 182. Ukitaka kutumia BMS ya Leaf (kompyuta inayolinda seli za betri), lazima moduli zote 48 ziwemo kwa mpangilio uleule, maana inahesabu seli 96 na ikikosa moja inakataa. Chukua pia kisanduku cha kontakta (swichi kubwa za umeme wa betri) kizima: ndani kuna kontakta mbili kuu, ya tatu yenye kipingamizi cha kujaza kapasita za inveta polepole, na kihisi cha ampea. Plagi ya huduma (inayochomolewa kukata betri) yenye fyuzi kuu ibaki katikati ya betri. Ukigawa betri masanduku mawili, iweke kwenye waya unaoyaunganisha.

Hasara yake kubwa ni maji. Mota na inveta vinapozwa kwa maji, na Beetle haijawahi kuwa na rejeta. Habari njema ni kwamba kwa mwendo wa 80 unatumia kW 12 tu, na hata asilimia 10 ikipotea kama joto ni kW 1.2. Rejeta ya pikipiki kubwa yenye feni na pampu ya umeme ya Leaf inaimudu.

Na punguza nguvu kwenye programu! Mota ya 2013 inatoa Nm 254. Injini ya 1300 ilikuwa na kama Nm 88. Gia ya kwanza ikipokea zote, giaboksi inasambaratika. Anza na Nm 120. Gia ya pili kwa kuondoka na ya tatu kwa kila kitu kingine. Kwa mwendo wa 80 gia ya tatu inazungusha mota kama 3,700 kwa dakika, haijatoka hata jasho.

Sola_Pemba

Mimi ni wa B, na sababu ni betri. Madukani seli za LiFePO4 (aina ya lithiamu) za sola zimejaa, zile za Ah 280. Seli 32 kwa mfululizo ni volti 102, kWh 28.7, kilo 173. Zikijaa kabisa kwa 3.65 kila moja zinafika 116.8, na kontrola ya HyPer 9 ya kawaida inavumilia hadi 130. Volti zenyewe ni ndogo kuliko 360, na LiFePO4 inastahimili joto na kujazwa mara nyingi kuliko seli za Leaf.

CAN_na_Dereva

Sola_Pemba, seli hizo zimetengenezwa kwa ajili ya nyumba. Karatasi yake inaruhusu 1C mfululizo, yaani ampea 280. HyPer 9 ikibanwa inaomba zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukipanda mlima na abiria wanne utaona volti zinavyoporomoka.

Sola_Pemba

Ampea 280 kwa volti 102 ni kW 28.7. Injini ya 1300 ilikuwa na nguvu farasi 40, sawa na kW 29. Ukitoa upotevu unabaki na kW 25 kwenye shafti, ambayo ni nguvu ya Beetle 1200. Weka kikomo cha ampea 280 kwenye kontrola na gari litakwenda kama lilivyotoka kiwandani, tena likiondoka kwa wepesi zaidi. Anayetaka mbio anunue gari lingine.

Ila kosa moja lisifanyike: msitumie BMS ya sola inayokata umeme yenyewe ndani. Ikikata wakati gari linarudisha umeme kwenye betri mteremkoni, umeme ule unakosa pa kwenda, volti zinaruka na kontrola inakufa. Tumieni BMS inayotoa onyo kwanza, inapunguza nguvu, kisha mwishoni ndiyo ifungue kontakta. Seli zibanwe kati ya sahani mbili kwa nguvu ya kama kilo 300, na viunganishi viwe vya waya wa kusukwa, si bapa ngumu la shaba. Mtikisiko wa barabara za vumbi unang'oa nguzo za seli.

Foklifti_Babu

Vijana mmeidharau C. Mota ya foklifti ni chuma na shaba, haina kompyuta, mwenye mita na akili anaitengeneza. Inapozwa kwa hewa. Curtis 1231C ni ya volti 96 hadi 144 na ampea 500, pedeli inaunganishwa kwa waya mbili.

Mambo matatu ya kuangalia. Chagua mota ya kuendeshea, si ya pampu ya hidroliki, na hakikisha ina shafti inayotoka nje. Foklifti inakwenda mbele na nyuma, kwa hiyo brashi zimekaa katikati. Ukiipa volti zaidi ya ilivyozoea zinarusha cheche na kuchoma komyuteta (silinda ya shaba inayoguswa na brashi). Sogeza kishikio cha brashi kama nyuzi 10 hadi 12 kinyume na mzunguko wa mota, toboa matundu mapya. Na usiizungushe bila mzigo kwa volti kamili hata sekunde chache, mota ya aina hii haina breki ya mwendo, inapasuka.

La tatu ndilo la kuogopwa: kontrola ya DC ikifa, mara nyingi inafia kwenye kufungulia yote. Gari linakimbia lenyewe. Kontakta kuu lazima ikatike kwa swichi ya mkono iliyo karibu na dereva, na klachi ibaki.

Waya_Mwekundu

Babu, C haina kurudisha umeme ukifunga breki, sivyo? Na uzito?

Foklifti_Babu

Hairudishi. Na ni nzito, zinazofaa zinaanzia kilo 60 na kitu. Kwenye Beetle uzito huo nyuma wala si ubaya, muulize wa springi.

Springi_Chini

Babu kasema kweli. 1300 hii ina ekseli za nyuma za kuning'inia. Injini kamili ni kama kilo 110. Ukiitoa ukaweka HyPer 9 ya kilo 54 na betri zote ukazirundika mbele kwenye nafasi ya tangi, nyuma inanyanyuka na magurudumu yanabanana kwa chini. Kwenye kona kali gurudumu la nje linajikunja chini ya gari, gari linaruka. Kwa hiyo betri nyingi ziende chini ya siti ya nyuma na kwenye shimo la mizigo nyuma yake. Kwa Leaf, moduli 30 nyuma na 18 mbele ni mgawo mzuri.

Kimo kikiwa bado si sawa, fimbo za msokoto (ndizo springi za nyuma) zina meno 40 ndani na 44 nje. Ukisogeza jino moja ndani na jino moja nje kinyume chake, unapata badiliko la dakika 50 za nyuzi. Fanya pande zote mbili.

Breki ni za ngoma bila buusta, hivyo pampu ya vakyumu huhitaji. Soma uzito wa juu kabisa kwenye bati la gari kabla ya kuahidi watu viti vinne.

Dada_Mega

Nyongeza ya umeme. Volti 360 za DC zinaua. Glavu za volti 1,000, plagi ya huduma itolewe, subiri dakika kumi, kisha pima kwenye inveta kabla ya kugusa. Sakiti breka za AC za nyumbani msizifunge upande wa betri. Cheche ya DC haizimiki humo. Baadhi ya kontakta zina upande wa chanya na hasi, zikigeuzwa zinaungua siku ya kwanza zinapokata mzigo. DC-DC (kifaa kinacholisha umeme wa volti 12 kutoka betri kubwa) iwashwe baada ya kapasita kujaa, la sivyo kipingamizi cha kujazia kinaungua.

Kuchaji: soketi ya ampea 13 ipeni ampea 10 tu. Ni kW 2.3, kWh 15 kwa saa saba hivi. Nguzo ya ethi ipimwe kwanza, nyumba nyingi ipo kwa jina. Kwa walio Kenya, mabadiliko ya injini yaingie kwenye logbook kupitia NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kabla ya barabara.

Waya_Mwekundu

Asante dada. Nabaki na A, moduli 30 nyuma. Swali la mwisho: klachi niiondoe kabisa?

Kereza_Gerezani

Iache. Bila klachi kubadilisha gia ukiwa mwendoni kunataka mota ilinganishwe kasi, sinkro za Beetle ni ndogo na mota ni nzito kuzungusha. Flaiwili ipunguzwe uzito kwenye kerezo, usiguse sehemu inayoguswa na sahani ya klachi, na ipimwe mizani pamoja na presha pleti kabla ya kufungwa.